Wageni wa Siku Moja: Musoma, Butiama na Bunda



Leo naomba tuziweke kando kwa wiki moja habari za siasa na bei za vitu, tuzungumze juu ya kazi ambayo kila mwenye nyumba hapa mjini huifanya mara kadhaa kwa mwaka bila kufundishwa na mtu, nayo ni kuwatembeza ndugu waliokuja kutusalimu. Zamani tuliambiwa kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mgeni wa siku hizi haifikii siku ya jembe. Likizo yake ni ya wiki moja, siku mbili au tatu zimeliwa na barabara, nyingine ni za kuhani misiba na kuwaona wazee kijijini, na kinachobakia mkononi mwako wewe mwenyeji ni siku moja tu. Katika siku hiyo anataka kuona ziwa, anataka kula samaki, anataka kufika Butiama, na watoto wake wanataka simba.

Nazungumzia jambo hili kwa kuwa nimepata kuiharibu siku ya namna hiyo, na ilikuwa siku ya mtu ambaye kwa kweli sikupenda kumharibia.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi Dar es Salaam tangu alipoolewa mwaka 1983. Miaka mitatu iliyopita alikuja Musoma pamoja na binti yake na wajukuu watatu. Mimi ndiye niliyepanga safari, tena kwa mbwembwe, nikaandika na karatasi. Tulikodi Noah, tukaondoka Musoma saa moja asubuhi, tukaipita njia ya kwenda Butiama bila hata kugeuza shingo, kwa hoja kwamba Butiama tutaipitia wakati wa kurudi. Tukaenda moja kwa moja hadi lango la Ndabaka ili watoto waone wanyama kidogo tu. Nani amewahi kuingia Serengeti kidogo tu? Tulitoka huko saa nane na nusu, tuna njaa na vumbi. Bunda tukaagiza kuku wa kienyeji katika hoteli moja, na kwa jinsi tulivyomsubiri, nadhani kuku huyo alikuwa bado anakimbizwa mtaani. Tulipofika Butiama jua lilikuwa limezama. Milango imefungwa, na mlinzi akatusalimu kwa adabu zote, akatuambia tuje kesho. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Na hiyo kesho, saa kumi na mbili alfajiri, shangazi alikuwa na tiketi ya basi.

Gizani, ndani ya gari, alisema maneno machache tu: "Si kitu, baba. Kaburi haliondoki." Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Miezi minne baadaye alipatwa na kiharusi, na kwa karibu mwaka mzima mguu wake wa kushoto ulikataa kumtii.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi. Wenzangu waliniambia nilikosea saa. Saa nilikosea, ni kweli, lakini kosa lenyewe lilitangulia saa. Nilipanga safari kwa kutazama ramani kabla ya kumwuliza mgeni wangu amefuata nini. Wengi wetu tuna tabia hiyo. Tunajua vivutio vya mkoa wetu, tunavihesabu vidoleni, kisha tunataka kuvitoa vyote kwa mkupuo kama mtu anayeandaa pilau la sikukuu. Mgeni kwa adabu yake ananyamaza na kupanda gari.

Ningemwuliza, shangazi angenieleza, maana si siri. Yeye ni mwalimu wa UPE. Vijana wa leo hawalijui neno hilo, kwa hiyo niwaeleze. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Musoma ikatoa lile tunaloliita Azimio la Musoma. Pamoja na mengine, iliamuliwa kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wapate elimu ya msingi ifikapo mwishoni mwa 1977, wakati mpango wa awali ulikuwa kufika huko mwaka 1989. Walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwapo. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, huku wanajifunza na huku wanashika chaki. Shangazi alikuwa mmoja wao. Baadaye watu wakalifanya neno UPE kuwa kejeli. Mtu akikosea hesabu dukani aliambiwa kuwa amesomeshwa na walimu wa UPE. Shangazi aliivumilia kejeli hiyo hadi alipostaafu.

Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na mwili wake kuletwa Dar es Salaam, shangazi alisimama foleni ya Uwanja wa Taifa tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika hakupata hata nusu dakika, kwa sababu nyuma kulikuwa na umati na watu walihimizwa wapite. "Nilitaka kusimama kidogo," aliniambia baadaye, "wakaniambia mama tembea." Hicho ndicho alichokifuata Butiama miaka yote hii. Alitaka kusimama. Mimi nikampeleka kuwatazama nyumbu.

Mwaka huu, mwezi Juni, alikuja tena. Anatembea kwa fimbo. Safari hii nilimwuliza, nikawauliza na wengine, kila mmoja kitu kimoja tu. Shangazi alitaka Butiama, binti yake alitaka kula sato mbele ya ziwa, na watoto walitaka simba. Baada ya hapo ndipo nikakunjua ramani. Naomba na ninyi mnifuate, hasa mlioko miji mingine ambao mnapanga kuja huku.

Musoma imejengwa kwenye rasi inayoingia ndani ya Ziwa Victoria, kwa hiyo unatoka mjini kwa barabara ile ile uliyoingilia. Ukifika Makutano unakutana na barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, mpakani mwa Kenya. Ukigeukia upande wa Mwanza utapita Kiabakari, kisha Bunda, na mbele ya Bunda, kabla ya Lamadi, ndipo penye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Butiama iko mashariki ya barabara hiyo kuu. Unaweza kuiingilia kwa upande wa Makutano na kutokea Kiabakari. Maana yake ni kwamba Butiama iko njiani kati ya Musoma na Bunda, na mgeni anayerudi Mwanza au Dar es Salaam ni lazima apite Bunda. Kwa nini basi tunawarudisha watu Musoma jioni walale, halafu kesho yake alfajiri tunawapitisha njia ile ile wakisinzia? Funga mizigo asubuhi, iweke garini, siku iishie Bunda. Gesti zipo za kila kiwango. Jambo hilo dogo liliniokolea zaidi ya saa nzima ya barabara, na shangazi hakupanda na kushuka gari mara nyingi.

Kwa wageni wanaotokea Arusha hali ni tofauti. Mabasi ya Arusha kuja Musoma hukatisha Ngorongoro na Serengeti, na abiria wamekwisha kuwaona nyumbu na swala dirishani, pengine na simba kama bahati ilikuwa upande wao. Usiwarudishe walikotoka.

Sasa asubuhi. Asubuhi ya Musoma ni ya ziwa, na pa kwenda ni Mwigobero, kwenye mwalo na soko. Nenda mapema, wakati mitumbwi inarudi. Nilidhani watoto wa Dar es Salaam watachoka upesi, kumbe tulilazimika kuwavuta mikono. Wanawajua dagaa wa kwenye sahani, lakini hakuna aliyewaeleza kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Dagaa huufuata mwanga juu ya maji, wavu unawazunguka. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa mwezi unapomulika ziwa zima taa ya mvuvi haina tena cha kuwaita. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama wageni wako wanataka dagaa wabichi, kabla ya kutazama kalenda ya likizo tazama na mwezi. Wageni wa mwezi mpevu watakuta vichanja vitupu.

Samaki wengine wana hadithi zao. Sangara, huyu mkubwa anayenunuliwa na viwanda kwa minofu ya kupeleka nje, ni mgeni ziwani. Aliletwa katika miaka ya 1950, akaongezeka, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewala furu kiasi kwamba aina nyingi zao zilipotea. Shangazi aliwakumbuka furu pale pale mwaloni. Walikuwa samaki wadogo wenye miiba mingi, akasema, na ndio walikuwa kitoweo cha nyumba maskini. Wajukuu wakauliza wako wapi, akawaonyesha kwa fimbo sangara aliyelala kwenye mzani. Siku hizi hata bondo lake, lile puto la hewa lililo tumboni, linauzwa ghali kuliko nyama yake, na linakwenda Asia. Vichwa na mifupa inayobaki viwandani, yaani mapanki, ndiyo huwarudia wengi wetu sokoni. Hayo nayo wageni wayaone. Mji hauna sababu ya kuficha sufuria zake.

Kwa kula, chagua sato. Mtazame jicho, liwe limejaa na linang'aa. Fungua mashavu uone wekundu. Mbonyeze, na nyama irudi mahali pake. Akikubali hayo matatu, mpe mama lishe akuchemshie na nyanya na vitunguu, mafuta kidogo. Wengi huwakaangia wageni kwa kuona kwamba kukaanga ndiyo heshima, lakini samaki aliyetoka majini saa mbili zilizopita ni wa kuchemsha, mchuzi wake unywe kwa bakuli. Binamu yangu alikula sato mzima kwa chapati saa mbili asubuhi, amekaa kwenye benchi, ziwa liko mbele yake. Akaniambia kwamba hata tukirudi nyumbani sasa hivi yeye ameridhika. Ya mtu wa kwanza ilikuwa imekwisha, na siku ilikuwa bado changa.

Tahadhari moja. Usinunue samaki wabichi ukawaweka garini ili uwapeleke Bunda jioni. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, na mwenye Noah hakunipa gari tena hadi nilipomwapia. Kwa mzigo, nunua dagaa wakavu.

Watoto watataka kuingia majini. Wakatalie, hata wakinuna. Ziwa letu lina kichocho, na hasa kwenye maji ya pembeni yenye majani, ambako konokono wanaobeba vimelea vyake huishi. Vimelea hupenya kwenye ngozi, na mtoto hahisi kitu siku hiyo. Dawa ipo na inatibu, lakini mgeni akiugua baada ya miezi miwili kwao hakuna atakayekumbuka kumwambia daktari kwamba aliogelea Musoma. Mamba nao wapo katika baadhi ya maeneo. Na kama mnataka kupanda mtumbwi au boti, iwe asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi hupanda. Kila mmoja avae koti la kuokolea, hata anayejisifu kuwa amezaliwa Makoko. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walikufa wakati nchi kavu inaonekana. Sisi hatukupanda. Kwa mguu wa shangazi, kupanda na kushuka boti ilikuwa ni kutafuta balaa.

Wengine watauliza juu ya mawe ya Matvilla, pale mwisho wa rasi, ambako ndege weusi wajulikanao kama mnandi hukaa juu ya miamba wakikausha mabawa. Ni mahali pazuri sana, lakini uzuri wake ni wa jioni, jua linapozama ziwani. Wageni wakifika Musoma jana yake kabla ya saa kumi na mbili, wapeleke siku hiyo hiyo na vumbi lao la safari. Usijaribu kulibana katika siku ya Butiama.

Saa tatu na nusu tuliondoka. Kabla ya kutoka mjini tulipitia Shule ya Msingi Mwisenge, hatukukaa hata robo saa. Hapa ndipo Kambarage alipoletwa kuanza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kutoka kwao ni maili 26, kama kilometa 42, na mwendo wenyewe ulikuwa wa miguu. Aliishi huko huko shuleni, lakini safari hiyo ilimngoja kila likizo. Nikawaambia watoto wasome mita ya gari pale langoni na waihesabu hadi Butiama. Lami haifuati njia za mguu za wakati ule, kwa hiyo usitegemee hesabu ilingane kabisa, lakini kwa kazi hiyo watoto hawakugombana hata mara moja mpaka tunafika. Wa kati, mwenye miaka kumi, tulipokuwa Makutano aliuliza: "Bado tu?" Bibi yake akamjibu kwamba yeye ameketi kwenye kiti.

Butiama ina mambo mawili ambayo wageni huyachanganya. Kuna makumbusho, ambayo ni ya serikali, chini ya Makumbusho ya Taifa. Yalifunguliwa Julai 1999, miezi mitatu kabla ya kifo cha Mwalimu. Humo kuna picha, zawadi alizopewa na vitu alivyovitumia, na kuna waongozaji wanaoijua kazi yao. Halafu kuna Mwitongo, kwenye mawe na miti, ambapo ndipo ulipo mji wa familia na makaburi. Mwitongo ni kwa watu. Usiingie kama unaingia sokoni. Pita kwanza makumbusho, jitambulishe, upewe wa kukuongoza, na uulize kabla ya kupiga picha.

Mwongozaji akianza kueleza majina, waache watoto wasogee mbele. Baba wa Mwalimu alikuwa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa mtemi huyo. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi, kwani mtemi huyo alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia mashamba. Mtoto wake aliyezaliwa mwaka 1922 siku ya mvua akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Watoto wa Dar es Salaam, ambao nusu yao wanaitwa Brayan, walicheka juu ya viwavi kisha wakaanza kumwuliza bibi yao majina yao wenyewe yana maana gani. Hilo lilimpa shangazi kazi hadi Bunda.

Nitoe ushauri kwa wenye wazee. Nilichukua kiti cha plastiki kutoka nyumbani, nikakiweka nyuma ya gari. Watu walinicheka Mwigobero, lakini Butiama hakuna aliyecheka. Mzee mwenye miguu mibovu hatakwambia kwamba amechoka. Atakwambia kwamba mahali hapo hapampendezi, twende. Akiwa na kiti chake, chupa ya maji na kivuli, na akijua choo kiko wapi, ana subira kuliko ninyi nyote. Tulimpumzisha kwanza nje ya makumbusho kwa muda wa kutosha. Ndani hakuzunguka kote. Kisha tukasogeza gari mpaka pale tuliporuhusiwa, akatembea sehemu iliyobaki kwa fimbo, mjukuu mmoja kila upande.

Kaburi limejengewa nyumba, na wazazi wake wamezikwa jirani. Mwalimu alizikwa hapo tarehe 23 Oktoba 1999. Nilimsogezea shangazi kiti, akakikataa kwa mkono bila kunitazama. Akasimama. Wajukuu mwanzoni walinong'ona, kisha wakanyamaza wenyewe. Mimi nilitazama saa mara moja, kwa mazoea ya mpanga ratiba, nikaona aibu nikaiingiza mkono mfukoni pamoja na saa yake. Mwongozaji, kijana mdogo ambaye wakati wa msiba ule pengine alikuwa hajazaliwa, alirudi nyuma hatua kadhaa akakaa kimya. Hakuna mtu aliyemwambia mama tembea.

Alipomaliza aliomba kiti.

Habari ya chakula cha mchana ndiyo inayoua safari nyingi za mkoa huu, na kuku wangu wa Bunda ni shahidi. Chakula chetu hakiko tayari kikimsubiri mtu. Kinapikwa ukifika, na hilo ni jema, lakini sharti usifike na njaa. Jana yake jioni tafuta namba ya simu ya mama lishe wa mahali mtakapokuwa saa saba, mwambie mko wangapi, mtakula nini na saa ngapi, kisha mtumie kianzio kwa simu. Ukishatuma fedha, kuku ataanza kukimbizwa asubuhi. Mimi niliagiza Butiama hapo hapo: nyama ya mbuzi ya kuchemsha, mgagani uliotiwa maziwa, maziwa ya mgando, na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo. Nilisema ufanyike na wa sembe kidogo kwa ajili ya watoto.

Ugali wa mtama na muhogo ni mweusi na unavutika. Mtoto aliyezoea sembe nyeupe anautazama kama udongo. Usimlazimishe, na wala usimhutubie juu ya lishe. Mwekee sembe yake, na huo mwingine uwe karibu. Yule wa kati alimega kwa siri, akachovya kwenye maziwa ya mgando, akamega tena. Ugali wa sembe ulibaki nusu, dereva akaumaliza.

Kutoka Butiama hadi Kiabakari ni mwendo mfupi, na kutoka hapo unashika barabara kuu hadi Bunda. Tuliingia Bunda saa kumi na moja jua likiwa bado juu, jambo ambalo katika maisha yangu ya kutembeza wageni sijalizoea. Bunda haina makumbusho wala ufuko wa kujivunia mjini, ila ni mji wa njia panda. Kwenda Mwanza ni huku, kwenda Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe ni kule, na jioni nyama choma inanukia mitaa yote. Agiza mbuzi kwa kilo, mchague nyama mwenyewe, waambie wasiikaushe. Hapo ndipo mahali pa kukaa bila ratiba.

Simba wakabaki. Wengi hupenda kuingia Ndabaka mchana baada ya kula, kwa kuwa liko karibu. Mimi nasema hapana. Mchana wa jua kali wanyama wengi wamejificha kivulini, na wewe unalipa kiingilio cha watu na gari kwa ajili ya kutazama nyasi. Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo tatizo si fedha, ni saa. Lala Bunda, ufike langoni linapofunguliwa, umalize kabla ya mchana. Malipo hayafanywi kwa noti mkononi, hivyo uliza utaratibu mapema na uwe na salio kwenye simu au benki. Vitambulisho vya uraia visisahaulike kwenye mizigo. Ukija kati ya Mei na Julai, huenda ukakuta nyumbu wamefika upande huu wa magharibi, karibu na mto Grumeti wenye mamba wake. Sisi kwa Juni tulikuwa na matumaini.

Pale kwenye nyama choma nilimwuliza shangazi kama kesho asubuhi ataandamana na watoto hifadhini, kwa kuwa ndani ya gari hakuna cha kutembea. Akasema anabaki. Simba, alisema, amemwona siku nyingi kwenye noti ya elfu mbili.

Yule mjukuu wa kati akaacha mfupa. "Bibi, lakini hata Nyerere yuko kwenye elfu moja."

Shangazi alicheka mpaka akaidondosha fimbo. Kesho yake alfajiri watoto wakaenda Ndabaka na mama yao. Mimi nilibaki nikitafuta tiketi za basi la Mwanza, na niliporudi gesti nilimkuta uani ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, ungo magotini, anachambua dagaa wa kupeleka Dar es Salaam.